Mlango Uliokuwa Uchi

Mimi ni fundi wa bati, karakana yangu iko Nyamongo, na nina hasira za karibu. Nalisema hilo mapema ili usije ukashangaa mbele ya safari. Wateja wangu wanalijua. Mtu anakuja na bodaboda, hata mguu haujagusa chini, ananiambia, "Fundi, nikunjie kifuniko cha mkanda wa karasha, halafu upake rangi yoyote tu." Rangi yoyote! Hapo ndipo ninapopanda. Ungekwenda hospitali ukamwambia daktari akupe dawa yoyote tu?

Bati likishakatwa, likakunjwa na kuchomelewa, kazi haijaisha. Bado halijavaa. Na kulivisha siyo kutafuta rangi ya kupendeza macho, ni kuuliza maswali. Litakaa juani au kivulini? Litamwagikiwa na maji? Litapigwa na mawe? Karasha ni zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, na kifuniko chake kinakula matope na kokoto kutwa nzima, kwa hiyo nakipaka praima nzito, yaani rangi ya kutangulia, na rangi ya mafuta ya kawaida, ambayo mwenyewe ataweza kuirudia kwa brashi ikibanduka. Mama ntilie akitaka kaunta, nampa bati la zinki lisilopakwa kitu, afute kwa kitambaa liendelee kung'aa. Kulichomelea bati la zinki kunatoa moshi mweupe unaokutetemesha kama mwenye malaria, na mafundi wote hapa tunakunywa maziwa baada ya kazi hiyo tukiamini yanasaidia. Jiko halipakwi rangi kabisa. Unalipasha moto, unalifuta kwa mafuta ya kupikia mpaka linakuwa jeusi lenyewe, basi. Hayo hata ukiniamsha usingizini nitakwambia.

Swali moja tu sikuwa nalo kwenye orodha yangu: ni mkono wa nani utakaolishika? Hilo nilifundishwa na mama yangu, na hakunifundisha kwa upole.

Mama anaishi Nyamwaga, kwenye nyumba ya udongo aliyojengewa na marehemu baba. Paa ni la bati, nyuma kuna migomba, mbele kuna zizi la ng'ombe wachache ambao jirani anamchungia pamoja na wake. Macho yake yameondoka kidogo kidogo. Ni presha ya macho. Hospitali walituambia lililokwenda halirudi, akapewa matone ya kulinda kilichobaki, na kilichobaki ni mwanga na vivuli. Anajua kama ni mchana, anajua kama mtu amesimama mbele yake, lakini huyo mtu ni mimi au ni mgomba, mpaka useme shikamoo.

Na bado nyumba yake alikuwa anaikandika mwenyewe. Jamani, mama huyu na ukuta! Anachanganya udongo wa kichuguu, samadi ya ng'ombe na majivu, anaukanda mpaka uwe laini, kisha anaupaka kwa viganja viwili, akivuta vidole kwenda juu kulia, kwenda juu kulia, mpaka ukuta mzima unabaki na mistari iliyopinda ya vidole vyake. Tulipokuwa wadogo, mimi na dada yangu tulikuwa tukisubiri ugali uive tumeegemea ukuta ule, tumeweka vidole vyetu kwenye mistari yake. Vilikuwa vinaingia viwili viwili kwenye kidole chake kimoja.

Shida ilianza na mlango. Ule wa mbao ulioachwa na baba uliliwa na mchwa ukaanguka wenyewe, na jirani kwa wema wake akauziba uwazi kwa kipande cha bati kuukuu. Siku moja alasiri mama alikuwa anatoka kwenye migomba, mkono ukutani kama kawaida yake. Ukuta ukafika mahali ukawa bati lililokunjamana, hakulielewa, akalipita akidhani ni takataka imeegemezwa. Akaendelea mpaka ukuta ukaisha, akaendelea na hewa, akashuka mteremko wa zizini, akaanguka juu ya mawe. Kifundo cha mkono kilivimba kama andazi.

Dada yangu alipopata habari alipanda gari la kwanza kutoka Mugumu. Dada ana duka la vitambaa sokoni kule, ana nyumba nzuri yenye vigae, na hasira zake na zangu zimetoka tumbo moja. Alimkuta mama amekaa kwenye kigoda, mkono umefungwa kanga, mimi niko pembeni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja na mvua?"

"Nimekuja kukuchukua. Safari hii sitaki maneno. Unakuja Mugumu."

"Mugumu nina nini?"

"Una mimi!"

Kiswahili cha mama ni cha sokoni, sisi kwa sisi tunaongea Kikurya, na haya ninayoyaandika nimeyaleta kwa lugha hii kadiri ninavyoweza. Lakini ile "una mimi" ya dada hata mimi ilinichoma, kwa sababu ilikuwa kweli. Dada hakuwa mkorofi. Alikuwa analala akiota mama ameanguka.

"Nakupenda mwanangu," mama akasema mwisho. "Lakini kwako nikitaka kwenda chooni lazima niombe mkono. Nikitaka kukaa jua la asubuhi, lazima niombe mkono. Vigae vyako vyote vinafanana. Hapa siombi mtu mkono. Nikiacha kujiingiza kwangu mwenyewe, mimi nitakuwa mgeni mpaka nife."

Dada akanigeukia mimi kwa macho mekundu. "Na wewe, fundi mzima, mama anaishi na kipande cha bati mlangoni! Vifuniko vya watu vinang'aa Nyamongo nzima!"

Alinipa za uso. Nikasema, "Nipe mpaka mvua za vuli zishike. Nitamtengenezea mlango na vyombo vyote vya bati vya humu ndani, ataingia na kutoka mwenyewe. Ukija ukakuta hawezi, mimi mwenyewe nitambebea mzigo mpaka stendi."

"Nitakuja na begi lake," dada akasema. "Tutamwacha apite peke yake kutoka migombani mpaka ndani. Asiongozwe. Akipotea, naondoka naye."

Mama akasema, "Sawa." Alisema kidogo mno, nikajua ameogopa.

Nikaingia kazini. Vyombo vidogo havikunisumbua. Mfuniko wa pipa la maji niliutengeneza kwa bati la zinki, ukingo nikaukunja ndani usimkate, ukawa wa baridi mkononi, naye akasema mara moja, "Huu ni wa maji." Kinga ya jiko niliiacha nyeusi ya mafuta, yenye ukavu wake, akaigusa akasema, "Hii ni ya moto." Nilifurahi kama mtoto. Nikajiambia, kumbe kazi yenyewe nyepesi.

Ndipo nikaja kwenye mlango, na hapo nikataka kujionyesha. Nilitumia bati nene, nikalikunja kingo, nikachomelea mbavu kwa ndani lisipige kelele kama ngoma, nikafunga bawaba na komeo zito. Rangi yake sikutaka hata kuipaka Nyamongo. Niliupakia kwenye basi mpaka Mwanza, kwa jamaa wenye tanuri la kuoka rangi ya unga. Hiyo ndiyo suti ya bati. Wananyunyizia unga mkavu, wanauingiza tanurini, unayeyuka unashika chuma kama ngozi, hakuna alama ya brashi, hakuna tone. Nilichagua njano ya kung'aa, kwa sababu mama mwanga anauona, nikaona njano itamwita kwa mbali. Siku unarudi, watu pale stendi walisimama kuutazama. Mmoja akauliza kama ni mlango wa benki. Nikavimba kichwa, siwezi kukataa.

Niliufunga Nyamwaga, nikamshika mama mkono nikamwekea kiganja chake pale katikati.

"Laini," akasema.

"Umeona eh! Rangi ya kuokwa hiyo, mama."

"Unateleza."

"Kabisa!" nikasema, nikidhani nimesifiwa.

Niliondoka naimba. Nikarudi baada ya kama wiki hivi, nimembebea sukari na samaki. Nilishuka kwenye bodaboda, nikainua macho, mlango haupo. Yaani ukuta umeendelea moja kwa moja. Nikasogea. Mama alikuwa amepiga magoti pale, mikono miwili imezama mpaka viwikoni kwenye karai, akasikia hatua zangu akasema, "Nani huyo? Kanyaga mbali, pabichi."

Alikuwa ameukandika mlango. Mlango wa Mwanza! Samadi, udongo na majivu, kuanzia kizingiti mpaka juu anapofika mkono wake, na mistari yake ya vidole ile ile.

"Mama!" nilipiga ukelele mpaka kuku wakakimbia. "Mama, umenipakia mavi ya ng'ombe kwenye mlango!"

"Ulikuwa uchi," akasema.

"Ulikuwa nini?"

"Ulikuwa uchi, mura. Nimeuvisha." Mura ndivyo tunavyowaita vijana wa kiume kwetu, na kwake mimi ni kijana mpaka leo na mvi zangu zote.

"Uliokwa kwenye tanuri, mama! Hiyo ni suti! Umeona wapi mtu anapaka matope juu ya suti?"

"Suti ya nani? Mimi nikiushika naona nimeshika sufuria ya watu. Mchana ukipigwa na jua unaniunguza. Na huo mwanga wake unanichoma machoni mpaka nageuza uso. Juzi nimeupita. Nikafika mpaka kwenye kona, nikarudi. Nikaupita tena. Basi nikasema, ngoja."

"Sasa samadi inashika kwenye rangi ya kuokwa?"

"Haishiki," akakiri bila aibu. "Inakauka, inaanguka vipande. Kila siku narudia."

Kila siku! Mama wa watu, na kifundo cha mkono ambacho hakijapona vizuri. Nilikuwa na la kusema lakini lilikuwa baya, nikaona heri niende zangu migombani nikae. Nikakaa juu ya shina lililoanguka, nikiwa nimefura, nikihesabu moyoni nauli ya basi, rangi, tanuri, sifa zangu zote za stendi, zimefunikwa na mavi. Nilijionea huruma sana, sijui kwa nini hakuna aliyekuja kunibembeleza.

Mlango uko ubavuni mwa nyumba, kwa hiyo kutoka pale nilikuwa nauona. Baada ya muda ukafunguka, mama akatoka na kikombe cha uji kimejaa mpaka ukingoni. Alikuwa amekishika kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulirudi nyuma, ukakuta uso wa mlango pale pale bila kupapasa, akauvuta ukafungwa. Akaugeuzia mkono ukuta, akaja akiufuata, akiita, "Mura, umenuna wapi? Kunywa uji." Hakumwaga hata tone.

Hasira ziliniishia pale pale, nikabaki nimemtazama. Mlango ule ule aliokuwa akiupita, sasa alikuwa anaushika kama anavyoshika kiwiko chake mwenyewe. Macho yake yako kwenye vidole, na vidole vyake vinajua kitu kimoja duniani kuliko vyote, nacho ni kazi viliyoifanya vyenyewe. Mimi nilikuwa nimemchagulia rangi ya macho. Nilikunywa uji ule, na mlango wangu nikaanza kuufikiria upya kabla kikombe hakijaisha.

Samadi yenyewe isingekaa. Chini ya mlango, pale bawaba ilipokwaruza rangi, unyevu wake ulikuwa umeshaanza kuleta kutu. Nilihitaji kitu kinachoshikika kama ukuta wa mama lakini kinachovumilia kama rangi. Basi ikawa kila nikienda Nyamwaga nabeba vipande vya bati kwenye begi, nakaa naye kwenye jua, namwekea mkononi kimoja kimoja, anaonja kama mtu anayeonja mboga.

Kwanza nilimpelekea kipande nilichokinyunyizia mchanga kwenye rangi mbichi. Tunaifanya kwenye ngazi za bati ili miguu isiteleze.

"Hii ni ulimi wa ng'ombe," akasema. "Itanichubua."

Nikampelekea rangi ya vinundu niliyoinunua Sirari, ile inayokauka ikiwa imejikunja kunja, wanaipaka kwenye masanduku ya umeme. Aliipapasa, akakunja pua.

"Huyu mtoto ana harara. Mpeleke hospitali."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Nikampelekea bati tupu nililolipiga msasa, likawa na mikwaruzo midogo. Hilo alilishika muda mrefu, nikapata matumaini, kisha akanirudishia taratibu.

"Ni zuri," akasema. "Lakini aliyelipapasa ni wewe. Mimi simo."

Basi hapo ndipo akili ikanijia. Kwenye karakana nina makopo ya fila, ule uji mzito ambao mafundi wa magari wanazibia bodi zilizobonyea. Unauchanganya na dawa yake ya kugandisha, unaupaka, na ukigeuka kidogo tayari umekuwa jiwe. Ukishika kwenye bati lililosafishwa vizuri, haubanduki. Tunaupiga msasa mpaka unakuwa laini kama yai, hiyo ndiyo desturi. Hakuna fundi anayeuacha na mistari ya mkono. Angefukuzwa kazi.

Nilirudi Nyamwaga na grenda ya kusugulia chuma, makopo ya fila na glavu za mpira, nikaazima jenereta ya jirani. Niliuvua mlango kwenye bawaba nikaulaza juu ya magogo, nikaanza kuondoa rangi ya Mwanza. Nasema ukweli, ile njano ilipokuwa inaruka vumbi, roho iliniuma. Suti yangu! Nikaacha ukingo tu pembeni pande zote, mwembamba, ili aendelee kuuona mwanga wake kwa mbali bila kumchoma. Katikati nikalishusha bati mpaka likawa jeupe tupu.

"Sasa upo uchi kweli," nikamwambia. "Njoo uuvishe."

Mama akaletewa kigoda, akavaa glavu, akazilalamikia kwamba zinambana kama viatu vya harusi. Nikachanganya fila, nikamwekea kiganjani.

"Mavi gani haya?" akauliza. "Yananuka petroli!"

"Paka, mama, yanaganda."

"Subiri kwanza niyajue."

"Hakuna kusubiri, mama! Paka!"

Lile donge la kwanza liligandia mkononi mwake, ikabidi nilivunje kwa nyundo pamoja na glavu. Alicheka mpaka machozi. "Udongo wako una haraka," akasema, "una tabia zako." Nikachanganya kidogo kidogo, naye akauelewa. Aliinama juu ya bati langu, akavuta vidole, akavuta vidole, pumzi inatoka na wimbo mdogo ule ule aliokuwa akiuimba akikandika nilipokuwa mtoto. Mimi nachanganya, yeye anapaka. Nilikuwa natimiza amri kama kibarua, na nilikuwa na raha ambayo sijaipata kwenye kazi yoyote ya karasha. Nampenda mama yangu. Sijawahi kumwambia kwa maneno hayo, kwetu hatusemi hivyo, lakini siku ile nilichanganya fila mpaka kopo likaisha.

Nikaona anavuta vidole kwenda chini, si juu kama ukutani.

"Mama, unageuza."

"Ukuta unapanda. Mlango unashuka," akasema. "Nisipogeuza nitajuaje nimefika?"

Fila ilipokauka nikapiga praima juu yake kwa kompresa ya kupulizia rangi, tabaka jepesi ili isijaze mistari, kisha rangi isiyong'aa niliyoikoroga mwenyewe mpaka ikafanana na udongo wake ukikauka. Niliikoroga na kuikoroga, nikichovya kijiti na kukiweka ukutani, mpaka jirani akaniuliza kama nimeanza kuchora picha. Haikuwa na joto kali juani kama ile ya kwanza, na haikumrudishia jua machoni. Nikaurudisha mlango kwenye bawaba. Mama akaweka kiganja, akakiacha pale, hakusema laini wala nini. Akasema tu, "Ee."

Mvua za vuli zilishika, na dada akaja. Alikuja na begi kweli, jipya, la magurudumu, bado lina karatasi ya dukani. Aliliegemeza kwenye nguzo ya zizi. Mama alikuwa ameshajipeleka migombani tangu asubuhi, amevaa kitenge chake kizuri, na nilipomwona amekivaa nikajua hakulala. Mimi pia sikulala. Mlango nilikuwa nauamini, lakini nilikuwa naogopa woga wa mama, maana mtu akiogopa hata mkono wake unasahau.

"Asiongozwe," dada akanikumbusha kwa sauti ya chini. "Wala usikohoe."

"Sikohoi."

Mawingu yalikuwa yameshuka mpaka juu ya migomba. Mama akaanza kuja. Alikata kiwanja mwenyewe, akitikisa mkono mbele yake, akaukuta ukuta wa nyuma. Akatembea nao. Kwenye kona alisimama, akasimama sana, nikamwona dada anauma mdomo na mguu wake mmoja umeshatoka mbele. Nilimshika kanga. Mama akakunja kona. Mkono wake ukawa unapanda na mistari, unapanda na mistari, kisha ghafla ukashuka. Akasimama. Vidole vikateremka taratibu mpaka mwisho wa mstari mmoja, vikarudi juu, vikateremka tena. Akatabasamu, siyo kwetu, kwa mlango. Akasukuma, akainua mguu juu ya kizingiti, akaingia.

Kisha mlango ukafungwa, tukasikia komeo linaingia. Kra.

Tukabaki tumetazamana, mimi na dada, watu wazima wawili uwanjani. Tone la kwanza likapiga bati la paa, kisha mengine, kisha mvua yenyewe ikaja yote kwa pamoja. Tukakimbilia mlangoni. Dada akasukuma. Haukwenda.

"Mama! Fungua, tunalowa!"

Tulisikia anasogeza mfuniko wa pipa, anachota maji, anaweka sufuria jikoni bila haraka yoyote.

"Mama!"

"Kwani huko Mugumu," sauti ikatoka ndani, "watu wanaingia tu kwenye nyumba za watu?"

Dada akaweka kiganja kwenye mlango ili asukume tena. Hakusukuma. Vidole vyake vilikuwa vimeshuka kwenye mistari, kila kimoja kimeingia mahali pake, na sasa vilikuwa vinaenea, kidole kwa kidole, vya mama na vyake saizi moja. Maji yalikuwa yanamtiririka usoni na siwezi kusema yapi yalikuwa ya mvua. Nyuma yetu begi lilikuwa linalowa pale kwenye nguzo, na hakuna aliyelikimbilia.

Dada akafuta pua kwa kanga, akavuta pumzi.

"Hodi," akasema.

"Nani?"

"Ni sisi, mama. Ni wanao."

Komeo likavutwa. Mama alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja kwenye mlango wake, uso ameuelekeza juu kidogo ya vichwa vyetu.

"Haya," akasema. "Karibuni kwangu."